Paa la Msonge: Hesabu ya Pia na Habari Zake za Zamani

  Weka karibu daftari, kalamu, karatasi moja isiyo na kazi na kamba mbili ndefu. Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia isiyoeleweka bila hesabu kidogo, na kwa hiyo kamba zile utazihitaji.

Tutazungumza habari za paa la nyumba ya msonge. Wazee wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wanaijua vizuri nyumba hiyo, kwa kuwa wengi wao walizaliwa ndani yake. Ni nyumba ya duara, ukuta wake wa miti na udongo, na paa lake la nyasi limechongoka juu na kushuka pande zote mpaka karibu na ardhi. Umbo la paa hilo huitwa pia katika hesabu, kwa sababu lafanana na ile pia wanayoichezesha watoto, ila imepinduliwa, ncha yake ikawa juu. Kihenge cha kuwekea mtama nacho kilivikwa kofia ya namna hiyo hiyo.

Swali letu ni hili: paa la namna hii lina ukubwa gani? Yaani, ukitaka kuliezeka, utahitaji nyasi za kufunika eneo kiasi gani? Usidhani ni swali la watoto wa shule tu. Katika nchi ya Usukuma swali hili lilikuwa la mali na la jasho, na mwishoni tutaona kwamba jibu lake ni sababu mojawapo kubwa iliyofanya misonge ipungue.

Kwanza tuitazame nyumba ikijengwa. Fundi huchomeka kijiti katikati ya kiwanja, hufunga kamba, hunyosha kamba ile na kuzunguka nayo akichora mstari ardhini. Urefu wa kamba hiyo, tangu kijiti hata mstari, ndio tunaouita nusu kipenyo. Mstari wote wa kuzunguka huitwa mzingo. Baada ya ukuta kusimama, fito huegemezwa zikakutana juu kwenye kilele, kisha hufungwa kwa fito nyembamba zinazozunguka. Ndipo nyasi hupangwa safu kwa safu. Safu ya kwanza huwekwa chini kabisa, kwenye upenu, na safu ya pili huilalia ya kwanza, na kadhalika mpaka kileleni. Kwa njia hiyo maji ya mvua hushuka kutoka safu hata safu bila kupata pa kuingilia.

Sasa angalia jambo moja ambalo kila mwezekaji alilijua kwa mikono yake, hata kama hakuwahi kushika kalamu. Safu ya chini ni ndefu kuliko zote, maana inazunguka upenu mzima. Kila unapopanda, safu hupungua. Ukifika kilele, safu imekuwa si kitu, ni kama ngumi ya nyasi iliyofungwa. Basi ikiwa safu ya chini ni mzingo mzima na ya juu ni sifuri, nazo zinapungua sawasawa njia nzima, safu ya wastani ni nusu ya mzingo.

Hapo umekwisha kupata kanuni. Chukua nusu ya mzingo wa upenu, uzidishe kwa urefu wa mteremko wa paa tangu upenu hata kilele. Jibu ndilo eneo la paa. Mteremko huo katika hesabu tutauita mshazari. Usiuchanganye na kimo, yaani urefu wa kupanda wima kutoka katikati ya nyumba mpaka kileleni. Kimo kiko ndani, mshazari uko nje, ambapo nyasi zinalala. Nyasi hazifuniki kimo.

Kama huamini, chukua ile karatasi. Ikunje iwe kofia yenye ncha, gundisha, kata ukingo wa chini uwe sawa. Sasa ikate kwa kisu tangu ncha hata ukingo, uitandaze mezani. Utaona kipande kama cha chapati iliyokatwa. Kikate tena vipande vyembamba vingi, vyote vikianzia kwenye ncha. Kila kipande ni karibu na pembetatu, kitako chake kikiwa sehemu ya mzingo na urefu wake ukiwa mshazari. Eneo la pembetatu mnalijua tangu somo la mashamba: nusu ya kitako mara urefu. Jumlisha vitako vyote, utapata mzingo mzima. Tumerudi pale pale pa mwezekaji.

Mtu aliyeandika uthibitisho wa jambo hili, ambao vitabu vyake tunavyo hata leo, ni Archimedes. Alikuwa Mgiriki, aliishi katika mji wa Syracuse, kisiwa cha Sicily, akauawa mwaka 212 K.K. Warumi walipouteka mji huo. Alikuwa akiandikiana barua na wataalamu wa Alexandria, huko Misri, na elimu ya Misri ilikuwa ya kale kuliko yake kwa miaka mingi sana. Upo mkunjo wa mafunjo ulioandikwa na karani Mmisri jina lake Ahmes, yapata mwaka 1550 K.K., ambao Mskoti mmoja, Rhind, aliununua huko Misri mwaka 1858, na sasa umewekwa katika jumba la makumbusho la London. Ndani yake mna hesabu za ghala la nafaka la duara. Kipenyo chake ni dhiraa 9 na kwenda juu dhiraa 10. Ahmes anafundisha hivi: punguza sehemu moja ya tisa ya kipenyo, ibaki 8, zidisha 8 kwa 8, upate 64, hilo ndilo eneo la chini. Ukizidisha tena kwa 10 unapata 640, ujazo wa ghala zima. Tukitumia kanuni yetu ya leo, eneo lile la chini ni 63 na kitu, karibu 64. Basi mkulima wa Bariadi anayepima kihenge anafanya kazi waliyoifanya Waafrika wenzake zaidi ya miaka 3500 iliyopita.

Archimedes aliongeza mambo mawili yanayotufaa leo. La kwanza, alithibitisha kwamba mzingo wa duara yoyote hauzidi kipenyo chake mara tatu na sehemu moja ya saba. Hiyo ndiyo 22/7 tunayoitumia mashuleni, nayo inakaribia ukweli sana. La pili ni zuri zaidi, na naomba mlishike kuliko yote. Alionyesha kwamba eneo la pia likilinganishwa na eneo la kitako chake, uwiano wake ni ule ule wa mshazari kwa nusu kipenyo. Kwa maneno ya nyumbani: mshazari wa paa ukiwa mara mbili ya nusu kipenyo, paa lako litakula nyasi mara mbili ya ardhi linayoifunika. Ukiwa mara moja na nusu, itakuwa mara moja na nusu. Huhitaji 22/7 wala kuzidisha kurefu. Kamba mbili zatosha.

Tufanye mfano. Nyumba ina nusu kipenyo cha meta 3, kikipimwa mpaka ukingo wa upenu. Nasisitiza, mpaka upenu, si mpaka ukutani, maana paa hupita ukuta, na mwenye kupima ukutani atakosa nyasi za mzunguko mzima. Kimo cha paa ni meta 4. Mshazari utakuwa meta 5. Mafundi wanaijua 3, 4 na 5, kwa sababu ndiyo wanayotumia kupata pembe mraba. Mzingo ni kipenyo 6 mara 22/7, yaani karibu meta 18.86. Nusu yake 9.43. Zidisha kwa 5: karibu meta za mraba 47. Ardhi iliyofunikwa ni karibu meta za mraba 28. Sasa jaribu uwiano wa Archimedes: 28 mara 5, ugawe kwa 3. Unapata karibu 47.

Mwingine atasema, kwa nini nisishushe paa nipunguze nyasi? Kweli, ukifanya kimo kiwe meta 1.25 tu, mshazari utakuwa 3.25 na paa litakuwa karibu meta za mraba 31. Umeokoa nyasi za meta 16 za mraba. Lakini paa la nyasi lililolala huchelewesha maji, nyasi zinalowana, zinaoza, na baada ya masika machache unaezeka upya. Wazee walisimamisha paa kwa sababu hiyo. Nyasi nyingi mara moja zilikuwa rahisi kuliko nyasi kidogo kila mara.

Liko jambo lingine ambalo huwaponza watu. Umemwajiri mwezekaji, ameanza upenuni, amefika nusu ya mteremko. Ametumia mizigo 40 ya nyasi. Anakuambia, “Tumefika nusu, nipe mizigo mingine 40.” Je, utampa? Fikiri kwanza. Sehemu iliyobaki juu ni pia ndogo. Mzingo wake ni nusu ya ule wa chini, na mshazari wake nao ni nusu. Nusu mara nusu ni robo. Katika nyumba yetu ya mfano, sehemu ya juu ni karibu meta za mraba 12 tu, na ya chini ilikuwa 35. Maana yake mizigo 40 imefunika robo tatu za paa, na robo iliyobaki yataka mizigo 14 hivi. Ongeza miwili au mitatu ya kilele, maana hapo nyasi hufungwa nene. Mizigo ishirini na kitu inayobaki itaingia katika nyumba ya nani? Huenda fundi mwenyewe hakukusudia ubaya, naye hajui. Lakini asiyejua na mwenye hila hukutoza sawasawa.

Kwa nini ukubwa wa paa ulikuwa jambo zito? Kwa sababu ukiongeza upana wa nyumba mara mbili, na umbo likabaki lile lile, nyasi hazizidi mara mbili. Zinazidi mara nne. Nyumba ya nusu kipenyo cha meta 6 na mshazari wa meta 10 ina paa la karibu meta za mraba 189. Hapo kale nyumba za namna hiyo hazikujengwa na mtu mmoja na mkewe. Makao ya ntemi, ambayo Wasukuma waliyaita ikulu, neno ambalo sasa Tanzania nzima inalitumia kwa makao ya Rais, yalijengwa na kutunzwa kwa kazi za watu wengi. Vijana walikuwa na umoja wao wa kufanya kazi pamoja, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Ntuzu, Itilima na Kanadi zilikuwa nchi za watemi, na ukubwa wa paa uliweza kuonyesha ukubwa wa watu walio nyuma ya mwenye nyumba. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na kazi za namna hiyo zikafutika nao.

Kabla ya hapo nyasi na miti yenyewe ilikuwa imeanza kuwa mbali. Wakati wa utawala wa Waingereza vichaka vingi vya Usukuma vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe nao wakahitaji malisho. Nyasi ndefu za kuezekea hazioti penye kundi la ng'ombe. Walioweza kuzipata ni wale wenye ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa ili nyasi zikue zingojee kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika sana, mpaka serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, uliowahimiza watu kuzirudisha ngitili. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Upande mwingine fedha ziliingia. Wakulima wa pamba, waliokuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vyao vya ushirika, navyo vikaungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wake mkuu. Mwenye kuuza pamba aliweza kununua bati. Na hapa ndipo hesabu yetu ya pia inapoingia katika historia.

Bati lina migongo iliyonyoka, inayokwenda sambamba mwanzo hata mwisho, na upana wake ni mmoja juu na chini. Paa la msonge ni pana chini na ncha juu. Jaribu kulivika mabati: yakigusana vizuri kwenye upenu, yatapandana kileleni, moja juu ya jingine, mpaka hayafungiki. Lazima uyakate yawe pembetatu. Pembetatu iliyokatwa katika bati ni nusu ya bati. Nusu nyingine ina migongo iliyokwenda upande, haikai sawa kwenye paa lile, nayo mara nyingi hutupwa. Kumbuka ile nusu iliyomo katika kanuni yetu. Nyasi zilikuwa zikikupa nusu hiyo bure, maana safu ya nyasi hupungua bila hasara. Bati halikupi. Kwa nyumba yetu ya mfano utanunua mabati ya mzingo mzima mara mshazari, yaani meta za mraba 94, ili ufunike 47.

Sasa weka kando yake nyumba ya pembe nne, meta 7 kwa 4, ardhi ile ile ya meta za mraba 28. Paa lake lina pande mbili. Kila upande una urefu wa meta 7, na kwa kuwa bati halihitaji mteremko mkali, kimo cha meta 1.5 chatosha, mshazari ukawa meta 2.5. Upande mmoja ni 17.5, pande mbili ni 35. Hakuna bati la kukatwa pembetatu. Meta 35 kwa 94! Baba mwenye fedha za magunia machache ya pamba hakuhitaji kuambiwa achague lipi. Husemwa kwamba watu waliacha msonge kwa kuona haya au kwa kuiga wageni. Labda wako waliofanya hivyo. Mimi naona wengi walipiga hesabu.

Kisha ikaja amri. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji kuwe lazima, na mwaka 1974 Mkoa wa Shinyanga ulihamishwa. Usukumani watu walikuwa wakikaa mbalimbali, kila mji ndani ya ua wake wa minyaa. Waliambiwa wahamie kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mstari. Paa la nyasi la miaka mingi huwezi kulibeba juu ya mkokoteni likafika zima. Fito zinaokolewa, nyasi zinabaki. Mwenye bati aling'oa bati lake akaondoka nalo. Wengi wa walioezeka kwa nyasi walianza upya, na nyasi, kama tulivyoona, zilikuwa zimekwisha kuwa haba. Jambo hilo sikulisoma katika hesabu yoyote ya hasara za mwaka ule, lakini ukijua kwamba msonge mdogo tu ulikuwa na nyasi za meta za mraba 47, unaweza kuijumlisha mwenyewe kwa mji wenu.

Misonge haikwisha kabisa. Ukienda Bujora, Kisesa, njia ya kwenda Mwanza, utaona makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe, na hata kanisa la pale limejengwa kwa kufuata umbo la msonge. Wanafunzi wakienda, wachukue kamba.

Sasa zoezi la juma hili. Tafuteni karibu nanyi msonge, kihenge, au kibanda chochote cha duara chenye paa la nyasi. Mkikosa, tumieni kofia ya ukindu yenye ncha. Zungusha kamba ya kwanza kwenye ukingo wa chini, uikunje katikati, upime nusu yake. Nyosha kamba ya pili tangu ukingo mpaka ncha, juu ya nyasi, nayo uipime. Zidisha. Kisha jibuni maswali mawili: ingekuwaje kama mngeongeza meta moja ya upenu kuzunguka kote, huku mteremko ukiendelea vile vile? Na mwezekaji akiwa amefika theluthi mbili za mteremko kutoka chini, nyasi zilizobaki ni sehemu ngapi za nyasi zote? Swali la pili limewashinda watu waliosoma zaidi yenu, kwa hiyo msiharakishe. Chora kwanza ile pia ndogo iliyobaki juu. Mwalimu wenu atakusanya majibu, nasi tutayasahihisha katika kipindi kijacho.